Mgongo wa Mlima Uliochorwa Ijumaa

Ofisi ya upimaji ilikuwa na watu sitini na mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga milima waliyokuwa wakiichora. Si kwamba ilikuwa mbali. Ukipanda juu ya paa kumtafuta fundi bomba aliyejificha, unaiona kule kaskazini, imesimama kando ya bahari kama meno mabovu, mawe matupu juu, mawimbi chini, na wingu limeikalia kichwani mwaka mzima kama mgeni asiyejua kuaga. Walitosheka kuiona hivyohivyo. Kwa watu wa ofisi ile, mlima ni mistari ya kahawia iliyobanana. Ikibanana sana, mlima ni mkali. Ikibanana kupita hapo, wino umemwagika.

Aliyeibananisha alikuwa mzee wa chumba cha uchoraji, ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya choo. Aliitwa Kalamu Moja. Jina hilo alijibandika mwenyewe, kisha akalirudia mbele za watu miaka mitano mpaka likaonekana limetoka kwao. Maana yake, kama alivyopenda kueleza bila kuulizwa, ni kwamba yeye akishavuta mstari, amevuta. Kwa miaka thelathini na mitatu aliinama juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, mpaka mgongo wake ukakubali umbo la meza. Akimwelekeza mtu dukani, humwambia aende kusini-mashariki. Ngazi za ofisi alizipanda ameshika ukuta kwa mikono miwili, na nyumbani balbu zilibadilishwa na mkewe, kwa sababu kizunguzungu kilimpata bwana mkubwa huyu akisimama juu ya kigoda.

Lakini mweke msibani au arusini, mpe kiti na watu watatu wa kumsikiliza, uone.

"Ule mgongo wa katikati," angesema, huku amefumba macho kidogo, "ule una upepo wa kisirani. Usiombe ukupitie."

Upepo gani, na yeye alipita pale kwa wino?

Mwaka ule ofisi ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Ofisi za watu wenye akili zikifikisha umri huo hukata keki na kurudi nyumbani mapema. Bosi wa upimaji alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba viongozi wakubwa hupanda milima. Alikuwa mtu wa kitambi cha heshima, mkanda wake ukifanya kazi kuliko idara mbili zikiunganishwa, na alipopata wazo hakuna aliyeweza kumponya.

"Ndugu zangu," akatangaza ukumbini, "milima ile tumeichora miaka hamsini. Mwaka huu tunaipanda! Kutoka kaskazini mpaka kusini, juu kwa juu, kwa ramani yetu wenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Katika ofisi ile makofi hutangulia, kuelewa hufuata kama nafasi ipo. Kalamu Moja naye alipiga, tena kwa nguvu, mpaka maneno "juu kwa juu" yalipomfikia. Mikono yake ikabaki hewani, imeachana, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa samaki aliyemtoroka.

Tuseme ukweli hapa, maana yeye hakuusema kwa miaka ishirini na miwili. Ramani kubwa huchorwa vipande vipande, kila kipande karatasi yake. Mistari inayoshuka kutoka karatasi ya juu lazima ikutane na inayopanda kutoka karatasi ya chini. Isipokutana, kazi hurudi kwa wapimaji wa kukodi, nao hurudi porini kuangalia upya. Ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mchoraji, hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Basi Ijumaa moja, saa tisa mchana, karatasi mbili za milima ile zikagoma kukutana. Ya kaskazini ilisema mlima unaishia kwenye genge la mawe. Ya kusini ilisema mlima unaanzia kwingine. Katikati pakabaki upana wa kidole ambao hakuna aliyeusemea neno. Wapimaji walikuwa safari ya wiki tatu. Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri Jumatatu. Naye mchoraji alikuwa na arusi ya shemeji yake jioni ile, na suti yake ilikuwa bado kwa dobi.

Akachora mgongo wa mlima. Mwembamba, wa kupendeza, unaounganisha huku na kule, na katikati akaupinda kidogo ili uonekane wa kweli, kwa maana mwongo mzuri hanyooshi mstari. Akauandikia na kimo chake, mita mia nane na kumi na nne. Hiyo kumi na nne ndiyo iliyomfurahisha. Nani angeshuku kumi na nne? Akavaa suti, akacheza mpaka soli ikaachia.

Miaka mitatu baadaye ndege ya kupiga picha ikapita juu ya milima siku moja ya ajabu ambayo wingu lilikuwa limekwenda kutembea. Picha ikafika mezani kwake. Pale penye mgongo wake palikuwa na korongo, limekatwa wima kama mkate, na chini kabisa bahari inatoa povu. Kalamu Moja aliitazama mpaka chai ikapoa. Halafu akaisukuma kwenye droo ya mwisho, chini ya ripoti ya mafunzo ya usalama kazini, mahali ambapo mkono wa binadamu usingefika.

Wala hakukosa usingizi. Nani angepita kule? Mbuzi hawanunui ramani.

"Na zaidi ya hapo!" Bosi alikuwa hajamaliza. "Mgongo ule wa katikati, sote tunajua ni kazi ya nani. Tukifika pale juu tutaupa jina. Utaitwa Mgongo wa Kalamu Moja! Na kwa kuwa mzee wetu ana miguu yake ya kistaafu, cheti kitapokelewa na bintiye, ambaye nimeshaongea naye, na ndiye atakayetuongoza kwenye kamba!"

Makofi tena. Mtu wa masjala, ambaye hupumzika mara mbili kwenda ghorofa ya kwanza, alisimama na kupiga mluzi.

Binti huyo alikuwa askari wa zimamoto. Kazi yake kushuka visimani kuwatoa waliotumbukia na kupanda minara kuwashusha waliopanda kwa hasira wakashindwa kushuka kwa aibu. Mtoto wa mtu aogopaye kigoda! Baba yake alijivunia kwa majirani mpaka wakawa wanavuka barabara wakimwona. Kwenye kamba, kiongozi hutangulia. Katika wingu lile zito, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuweka mguu juu ya mita mia nane na kumi na nne za wino.

Mtu mwingine angefungua mdomo palepale. Kalamu Moja alifungua, akasema, "Nashukuru sana, Bosi."

Ndipo akaanza vitimbi. Alikuwa na wiki tano, na aliijua ofisi yake. Kuua jambo pale hakuhitaji kisu. Unalipeleka tu kwenye utaratibu. Akaandika barua kwamba buti za safari lazima zitoke stoo, kwa fomu rasmi, akijua kuwa stoo ile iliwahi kuchukua miezi kumi na moja kutoa kopo la gundi. Mama Stoo akazitoa siku ileile. Buti jozi kumi na mbili, zimebaki kutoka mradi uliokufa, zimepakwa mafuta na kamba zake zimefungwa fundo la kipepeo.

"Mbona unanitazama hivyo, mzee?" Mama Stoo akamuuliza. "Hukutaka buti?"

"Nilitaka. Ila sikutegemea utanipa."

"Na mimi ninakwenda. Unadhani nitapanda na kandambili?"

Akataka watu wapimwe afya. Daktari akawapima wote kabla ya chakula cha mchana na kumgongea kila mmoja muhuri wa "anafaa", hata mtu wa masjala, aliyefika chumba cha daktari akihema kama pasi ya mvuke. Akapendekeza njia ya chini, ufukweni, akisema ina mandhari.

"Tutimize miaka hamsini kwa kutembea ufukweni?" Bosi akacheka mpaka mkanda ukalia. "Kama wachumba?"

Kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe, kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa wakati. Mzee wa watu alikuwa anaangamizwa na ufanisi.

Jumapili moja mchana, zimebaki siku sita, binti akaja nyumbani na ramani mkononi. Mkewe Kalamu Moja alikuwa sebuleni akimtazama mumewe anavyopanga vikombe kabatini.

"Baba yako anaosha vyombo tangu juzi," akamwambia binti. "Akiosha vyombo bila kuambiwa, ujue kuna kitu kavunja. Nimehesabu sahani, zote zipo. Sasa nasubiri."

"Acha hizo, mama watoto," mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Binti akaitandaza ramani mezani, akaibana pembe kwa bakuli la sukari na simu yake. Alikuwa na daftari dogo, na mle ndani kila hatua ya njia ilikuwa imeandikwa: wapi kamba, wapi kupumzika, wapi asiyeweza arudishwe. Mwanamke aliyefanya kazi yake hivyo, na wa kumtegemea ndiye huyu hapa, anakausha kikombe kilichokauka.

"Baba, njoo uniambie." Kidole chake kikatua palepale. "Huu mgongo upana wake ukoje? Watu wawili wanaweza kupishana?"

Hapa palikuwa na mlango uliofunguliwa wazi, taa imewashwa, na mtu amesimama kumkaribisha. Sebule ilikuwa na watu wawili tu, mke na mtoto, hakuna Bosi, hakuna makofi. Angesema neno moja. Kalamu Moja akainama juu ya ramani, akaona mkunjo ule mdogo wa katikati, ulivyokuwa mzuri.

"Wanapishana," akasema. Na kwa kuwa uongo wake haukuwahi kutoka bila mapambo, akaongeza, "Hata na mizigo."

"Kweli? Mimi nilidhani ni mwembamba."

"Mimi ndiye niliyeuchora, mwanangu."

Binti akaandika. Baba akachungulia daftari, akasoma mwandiko ule safi: *Mgongo wa Baba. Hapa hakuna haja ya kamba.*

Kikombe kikamtoka mkononi.

"Haya," mkewe akasema. "Sasa kimevunjika. Bado hicho kingine."

Ya usiku huo na uliofuata hayatuhusu. Alikoroma kama kawaida, kwa sababu mwili wa mtu mwoga unajua kujitunza. Lakini kila alipoketi kwenye meza yake ya kioo aliuona mwandiko ule. Siku tatu kabla ya safari, kikao cha mwisho kilipoitwa, akafungua droo ya chini, akaondoa ripoti ya usalama kazini, akatoka na ile picha ameikumbatia kifuani kama mtu aliyeokota mtoto.

Ukumbini walikuwepo wapandaji wote kumi na wawili, wamevaa buti ili kuzizoea, wakitembea kama bata. Binti naye alikuwepo, anakagua vibanio vya chuma kimoja kimoja. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani.

"Nina neno," Kalamu Moja akasema. "Ule mgongo haupo."

"Haupo wapi?" Bosi akauliza.

"Haupo popote. Niliuchora tu. Karatasi zilikataa kukutana. Pale pana korongo. Hii hapa picha."

Mtu wa masjala akaanza kucheka, na wengine wakamfuata.

"Mzee ana roho ndogo!" Dereva akasema. "Anaona aibu mlima kupewa jina lake!"

"Si hivyo, anamwogopea binti. Mzazi ni mzazi."

"Jamani, nimesema niliuchora! Kwa mkono huu! Ijumaa!"

"Sasa siku nyingine ulichora kwa mguu?"

Picha ikazunguka mkono kwa mkono. Mmoja akaishika kichwa chini. Mwingine akasema pengine ni mlima wa nchi nyingine. Dereva akatoa simu atazame picha za setilaiti, akaonyesha kila mtu: weupe mtupu, wingu kama godoro lililopasuka. Mtu wa masjala akatoa hoja iliyopendwa kuliko zote.

"Tuulizane kama watu wazima. Hii picha ina muhuri?"

"Haina."

"Ramani ina muhuri?"

"Inao."

"Basi."

Kalamu Moja alitaka kulia. Miaka ishirini na miwili aliogopa kwamba akisema ukweli watu watamgeuka. Haikumpitikia kwamba alikuwa amewafundisha vizuri mno, kiasi kwamba ukweli ungekuja wenyewe kwa miguu yake wangeuuliza cheti cha kuzaliwa.

Mama Stoo ndiye aliyesimama na kwenda ukutani. Alikuwa amezoea kusoma maandishi madogo chini ya fomu, na ramani nayo ina maandishi madogo chini. Akavaa miwani.

"Imechorwa na," akasoma, akataja jina la mzee. "Imehakikiwa na..." Akasimama. Akageuka akamtazama Bosi. "Imehakikiwa na wewe, Bosi. Ulikuwa mhakiki wakati ule?"

Mhakiki ndiye anayepaswa kuzikutanisha karatasi mbili kwa macho yake kabla ya kugonga muhuri. Kitambi cha Bosi kikaacha kupanda na kushuka.

"Nilikuwa na kazi nyingi," akasema. "Ilikuwa Ijumaa."

Hakuna aliyecheka tena. Sasa walielewa, na walivyoelewa ndivyo walivyoanza kutazama buti zao. Ikiwa korongo lipo, Bosi alihakiki upepo. Na wakisema halipo, itabidi waende wao wenyewe kuthibitisha kwa miguu yao. Katika hali kama hiyo ofisi ile ina dawa moja tu. Ikaundwa kamati ya kuchunguza iwapo mlima unalingana na ramani, mwenyekiti wake Bosi, na mpaka itoe ripoti mgongo ukaachwa ulivyo, kwa kura kumi na moja dhidi ya moja. Hiyo moja ilikuwa ya Mama Stoo. Jumamosi wakavaa buti zao na kupanda kilima cha nyuma ya uwanja wa mpira, wakapiga picha wakiwa wamechuchumaa ili nyumba zisionekane. Picha hiyo ipo ukumbini, na maandishi yake yanataja milima. Ramani bado inauzwa.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile ya kikao, binti alikuwa amekaa na daftari lake juu ya paja, amelifungua ukurasa ule.

"Baba. Jumapili ulisema wanapishana."

"Nilisema."

"Na mizigo."

Kalamu Moja alitafuta pa kutazama. Dari ilikuwa juu, inampa kizunguzungu.

"Mwanangu, nilitaka kukwambia, ila mama yako alikuwa pale na..."

"Mwache mama." Akafunga daftari. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nimeshuka visimani kwa maneno ya watu nisiowajua. Wananiambia mita ngapi, nashuka. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Nina likizo mpaka Jumatano ijayo. Kesho tunakwenda."

"Tunakwenda nani?"

"Mimi na wewe. Beba kalamu."

Walipanda siku mbili kwa njia ya kaskazini, mwendo ambao binti angeumaliza asubuhi moja na bado akapata muda wa kufua. Mzee alipanda kwa magoti, kwa makalio, na sehemu moja kwa tumbo, akilalamikia jua, mawe, mikanda ya kiunoni, na ndege aliyemtazama vibaya. Binti alimfunga kamba, akamvuta, akamlisha biskuti, akamvuta tena. Siku ya pili, karibu na mchana, wingu likiwa limewazingira kiasi cha kutoona vidole, akamwekea kiganja kifuani.

"Simama."

"Tumefika?"

Binti akaokota jiwe, akalitupa mbele yao, mahali ambapo ramani ilisema pana mlima. Walisubiri. Baba alikuwa anafungua mdomo aseme limeangukia majani, ndipo sauti ikaja, ndogo, kutoka mbali sana chini, na baada yake bahari.

"Ningekuwa natembea mbele," binti akasema, "na kamba nimeiacha kwenye shanta."

Mzee akakaa chini. Binti akaifunga kamba yake kwenye jabali, akaivuta mara mbili kuijaribu, akamlaza kifudifudi, akamwekea ubao na karatasi mbele ya pua. Wingu likapasuka kidogo, likafunguka lote, na korongo likawa hapo, jeusi, lina maji ya mvua yanayotiririka kwenye kuta zake. Upana wa kidole kwenye karatasi. Ungeweza kupanga mtaa mzima ndani yake.

Akaanza kuchora. Mstari ukatoka umepindapinda kama wa mtoto. Baada ya dakika chache pumzi ikamrudia, na ikarudi na tabia zake zote.

"Ila na hili korongo lenyewe limekaa vibaya," akanung'unika. "Lingesogea magharibi kidogo tu, karatasi zingekutana bila shida."

Binti akalegeza kamba kiasi cha shibiri moja.

"Sogea mbele, Baba. Bado hujaona chini."

Akasogea.